Dakika za Akiba: Treni, Ratiba na Hesabu za Mwendo

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha huku Mbulu au Hanang hukutana mapema na swali la treni katika hisabati za madarasa ya juu. Wilaya hizi mbili hazina reli, na watoto wengi hawajapata kuliona garimoshi. Hilo si kikwazo kikubwa kama tudhanivyo. Kikwazo ni kwamba sisi wenyewe hufundisha kana kwamba treni huenda kama hesabu isemavyo ubaoni.

Miaka michache iliyopita niliketi nyuma ya darasa nikimtazama mwanachuo wangu. Swali lilikuwa hili: treni iendayo kilomita 60 kwa saa itamaliza kilomita 300 kwa muda gani? Mtoto mmoja wa kike akajibu, "Saa tano na zaidi, mwalimu, maana itasubiri." Akaambiwa amekosa. Aliketi, wala hakunyosha mkono tena kipindi kile. Nami niliandika katika fomu ya tathmini kwamba somo lilikwenda vyema! Kosa lile lilikuwa langu kuliko la mwanachuo.

Mtoto yule aligusa jambo walijualo vyema watunga ratiba. Chukua reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na ni njia moja. Treni zinazokabiliana haziwezi kupishana ila penye njia ya pili ya pembeni, aghalabu stesheni. Basi tuseme treni yatoka stesheni A saa 2:00 asubuhi kwenda B, kilomita 60, ambako nyingine yaingojea ipite. Kwa hesabu tupu itafika saa 3:00. Ratiba ikiandikwa hivyo, nayo ikachelewa dakika 10, ile ingojayo huchelewa dakika 10 pia, kisha huupeleka ucheleweshaji huo kwa treni ya tatu iliyo mbele. Ratiba ikiandikwa saa 3:10, dakika zile humezwa palepale. Siku isiyo na tatizo treni hufika mapema na kusimama. Abiria hulalamika, lakini haiwezi kuondoka kabla ya saa iliyotangazwa, isije ikawaacha waliokuja kwa wakati.

Akiba ikizidi, safari hurefuka na njia hupitisha treni chache. Ikiwekwa yote mwishoni, treni itaonekana imefika kwa wakati huku mapishano ya katikati yameharibika. Kwa hiyo yafaa igawanywe, hasa baada ya sehemu ngumu kama ile ya Mlimba hadi Makambako, yenye mahandaki na madaraja mengi.

Hapa mwanachuo ajihadhari: si kila dakika iliyozidi ni akiba. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ina mwendo wa juu wa kilomita 160 kwa saa. Kilomita 200 kwa mwendo huo ni dakika 75, lakini ratiba hutoa zaidi, kwani treni huanza polepole, hupunguza mwendo na kusimama.

Darasani, usianze na treni. Waulize watoto huondoka nyumbani saa ngapi. Mtoto wa ng'ambo ya korongo atembeaye nusu saa huenda akaondoka saa 12:00 ili aiwahi kengele ya saa 1:00 wakati wa masika. Dakika zile 30 ndizo akiba yake, aziandike. Kisha chora reli uwanjani, weka njia ya kupishana moja, na upange makundi mawili ya watoto yakabiliane. Lichelewesha kundi moja kwa makusudi, wao wenyewe wahesabu nani ameathirika.

Mtihani bado wataka saa 5, na watoto waambiwe hivyo waziwazi. Lakini katika daftari waandike majibu mawili, muda wa mwendo na muda wa ratiba, na kila aongezaye dakika aeleze kwa sentensi moja ni za nini.