KICHWA KIKIUMA, TAFUTA KWANZA SABABU

Hakuna mtu mzima ambaye hajapata kuumwa na kichwa. Mvuvi wa Mayungu huumwa, karani wa Malindi huumwa, na mama anayechota maji huko Ganze huumwa vile vile. Kwa kuwa ni jambo la kila siku, wengi wetu hatulifikirii. Twaenda dukani, twanunua vidonge viwili, twameza, kisha twarudi kazini. Mara nyingi maumivu huondoka na mambo yakaisha. Lakini mara nyingine maumivu hayo yalikuwa tarishi aliyeleta barua, nasi tumemfukuza mlangoni kabla hatujaisoma.

Yafaa kwanza kujua ni kitu gani kinachouma. Watu hudhani ni ubongo, lakini sivyo. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Vinavyouma ni ngozi zinazoufunika ubongo, mishipa ya damu, na misuli ya kichwa, uso na shingo. Kwa hiyo sababu yaweza kuwa mbali na kichwa: tumboni penye njaa, machoni, shingoni, au katika damu yenye vijidudu vya malaria.

JUA NA KIU

Katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba hata Machi, jua la pwani yetu ni kali mno. Mtu avunaye chumvi Gongoni hupigwa na jua kutoka juu, na mng'ao wa chumvi nyeupe kutoka chini. Jasho humtoka, na mwili hupungukiwa na maji na chumvi. Kichwa huanza kugonga. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi nzito, hiyo ni dalili kwamba maji yamepungua. Dawa yake si kidonge. Apumzike kivulini, anywe maji kidogo kidogo, au dafu, au uji wenye chumvi kidogo. Avae kofia, wala asingoje mpaka ashikwe na kiu. Lakini mtu akiweweseka kwa joto na mwili wake ukawa moto sana, amwagiwe maji, apepewe, na apelekwe hospitali upesi.

Mwenye kunywa tembo la mnazi usiku huamka na kichwa kizito, na sababu moja ni hiyo hiyo: pombe huutoa mwili maji.

NJAA, KAHAWA NA MISULI

Kukosa chakula au usingizi huleta maumivu. Siku za kwanza za Ramadhani wengi huumwa na kichwa, nao hudhani ni njaa tu. Kumbe mwili uliozoea kahawa au chai kila siku huumia ukinyimwa ghafula. Mwenye desturi hiyo na aipunguze kidogo kidogo tangu Shaabani, anywe maji ya kutosha kati ya futari na daku, wala asiache kula daku.

Maumivu yapatikanayo zaidi kuliko yote ni yale ya kukazana, ambapo kichwa huwa kama kimefungwa kamba pande zote. Mara nyingi hufuata wasiwasi wa madeni au ada za shule, na kazi ya kuinama kutwa, kama ya fundi cherehani. Kukanda shingo, kulala na kupumzika husaidia. Wako wanaojifunga leso kichwani na kusema wapata nafuu, haina madhara. Mtoto anayeumwa kila asomapo apimwe macho, huenda ahitaji miwani.

Kipandauso ni kitu kingine. Mara nyingi hushika upande mmoja, hugonga kama ngoma, huleta kichefuchefu, na mgonjwa hachukui mwanga wala kelele. Kwa mtu mzima hudumu saa 4 hata siku 3. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, tena hufuata ukoo. Si jini wala jicho la mtu, wala mgonjwa si mvivu. Alale mahali penye giza na utulivu, ameze dawa mapema. Ikiwa humrudia mara kwa mara, amwone daktari, kwa maana ziko dawa za kuuzuia usije.

KICHWA CHENYE HOMA

Hapa ndipo tusipopaswa kukawia. Katika nchi yetu ya pwani, kichwa pamoja na homa chaweza kuwa malaria. Mjini Kilifi watafiti wa KEMRI wameyachunguza magonjwa ya watoto, hasa malaria, tangu mwaka 1989 kwa ushirikiano na wenzao wa Uingereza. Malaria yaweza kumlemea mtoto mdogo kwa muda wa siku moja au mbili. Naye hawezi kusema kwamba kichwa chauma. Hulia tu, na hukataa ziwa.

Hakuna awezaye kuitambua malaria kwa kukisia. Tone moja la damu la kidoleni latosha, na jibu hupatikana zahanati kwa muda usiopata nusu saa. Ukipewa dawa ya siku 3, imalize yote, hata kama siku ya pili umejisikia mzima. Mwarobaini tunauheshimu, lakini kujifukiza kwa majani yake hakuondoi malaria katika damu, na saa zinazopotea hazirudi.

Kipimo kikionyesha kwamba si malaria, usidhani homa hiyo ni bure. Huenda ni kidingapopo, yaani dengue, ambayo huumiza kichwa, viungo, na nyuma ya macho. Ugonjwa huu ulienea Mombasa mwaka 2013. Jina lake lina historia kwetu: daktari James Christie, aliyekuwa Unguja homa ilipoenea mwaka 1870, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na wako wataalamu wanaodhani jina dengue lilitoka huko. Mwenye homa hii asimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa maana zaweza kuzidisha kutoka damu; parasetamoli ndiyo ifaayo. Mbu wake huuma mchana, naye huzaa katika mitungi isiyofunikwa, magurudumu ya zamani na vifuu vilivyojaa mvua.

MOSHI NA PRESHA

Watu wa nyumba moja wakiumwa na kichwa kwa pamoja, tazameni jiko. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa wakati wa masika hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia, nayo huua watu usingizini. Tokeni nje mara moja.

Juu ya presha, wengi hukosea. Husema, "Kichwa hakiniumi, kwa hiyo sina presha." Presha kwa kawaida haiumi kabisa. Mtu mzima apimwe hata akijiona hajambo.

VIDONGE VYENYEWE

Tuseme mama mmoja, muuza samaki, aliumwa na kichwa mara moja kwa juma. Akameza vidonge, akapona. Baadaye akavimeza kila alfajiri ili asishikwe sokoni. Baada ya miezi michache kichwa kilimuuma kila siku, naye akaongeza vidonge. Hakujua kwamba dawa ile ndiyo iliyokuwa ikimwumiza. Haya hutokea kweli. Mwenye kumeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi katika kila mwezi, kwa muda wa miezi 3 na kuendelea, aweza kupata maumivu yanayoletwa na dawa yenyewe. Kwa vidonge vya dawa mbalimbali zilizochanganywa, siku 10 zatosha. Huponywa kwa kuiacha dawa, na afadhali kwa shauri la daktari, kwa kuwa siku za kwanza huwa ngumu.

Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asipite vidonge 8 kwa siku moja usiku na mchana. Ikizidi huharibu ini. Soma karatasi yake, kwa maana dawa hiyo moja huuzwa kwa majina mengi. Aspirini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16 ila kwa amri ya daktari.

USINGOJE KESHO

Nenda hospitali mara moja, Kilifi, Malindi, Mariakani au iliyo karibu nawe, ukiona mojawapo ya haya:

1. Maumivu yaliyokuja ghafula, makali kuliko yote uliyopata kuyajua.

2. Kichwa chenye homa pamoja na shingo ngumu, degedege au kuweweseka. Huenda ni homa ya uti wa mgongo.

3. Maumivu baada ya kuanguka mnazini au kwenye pikipiki, hasa mtu akitapika au akisinzia.

4. Mkono au mguu kulegea, mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, au macho kupoteza nuru.

5. Maumivu makali kwa mama mwenye mimba au aliyejifungua karibuni, hasa akiona ukungu au akivimba uso. Huenda ni mwanzo wa kifafa cha mimba.

Tena mtu aliyepita miaka 50 ambaye hakuwa na desturi ya kuumwa, au mtu ambaye maumivu yake huzidi siku hata siku, amwone daktari upesi.

Basi, kichwa kikiuma, kaa kitako kidogo ujiulize: Nimekunywa maji? Nimekula? Nimelala? Nina homa? Nimemeza vidonge vingapi mwezi huu? Ukipata jibu, waweza kuitafuta dawa iliyo yake. Usipolipata, mchukulie daktari habari hizo zote. Na wewe unayejua kusoma, wasomee jirani na wazee wa nyumbani zile alama tano, ili siku ya shida wasipoteze wakati kwa kushauriana.