Somo: Kumweleza Mama Habari ya Chanjo

Katika somo hili twataka kutazama jinsi neno la chanjo linavyomfikia mama wa huku Kiloleli. Tangazo husomwa baada ya ibada, hutangazwa na siku ya mnada, na watu husikia. Walakini kusikia si kuelewa.

Kirusi cha polio huingia kinywani pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na choo. Katika watu 200 walioambukizwa, yapata mmoja tu hupooza viungo. Wengi wa waliosalia hawaoni dalili yo yote, nao huambukiza wenzao. Basi mtu asemaye, "Kwetu hapana aliyepooza, matone ya nini?" hakunena upumbavu, amenena alionalo kwa macho. Yatupasa kumjibu, si kumkemea.

Swali la pili ni zito zaidi: "Mbona tena?" Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa, mtoto wa Lilongwe, na kirusi chake kilikuwa cha ukoo wa kile cha Pakistan. Mwaka huo watoto wa Tanzania walipewa matone zaidi ya mara moja, maana matone ya kwanza hayashiki sawasawa kwa kila mtoto. Mwaka 2023 polio ikaonekana Rukwa, nayo ilitokana na kirusi cha chanjo. Matone yana kirusi kilichodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, huweza kupita toka mtoto hata mtoto kwa muda mrefu, mpaka kikarudiwa na nguvu. Nasi twajua Wasukuma wangapi wamehamia Rukwa na Katavi na ng'ombe zao, na jamaa huenda na kurudi.

Je, mwalimu afiche habari hiyo? Twaona asiifiche. Mama atakayeisikia kwanza kisimani hatatuamini tena kwa lo lote. Aambiwe pia sababu: kirusi hicho hupata njia penye watoto wasiochanjwa.

Mwaka 2003 huko Kano, Nijeria, ulienea uvumi ya kuwa matone huzuia uzazi, na chanjo ikasimamishwa hata mwaka 2004. Kirusi cha huko kikafika Sudan, na baadaye Yemen na Indonesia. Kwetu Usukumani, ambako mji usio na watoto huhesabiwa maskini hata ukiwa na ng'ombe, uvumi kama huo haudharauliwi. Mjibuji awe mtu ambaye watoto wake mwenyewe wamechanjwa mbele ya macho ya jirani.

Chanjo za kawaida zisisahauliwe. Matone hutolewa mtoto azaliwapo, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua na rubela ni mwezi wa 9 na wa 18. Kati ya wiki ya 14 na mwezi wa 9 kuna kitambo kirefu, na jembe laita. Tena, mama aambiwe mapema kwamba sindano huweza kuleta homa kidogo. Asiyeambiwa huona mtoto ameletewa ugonjwa, naye harudi.

Maneno haya yasemwe kwa Kisukuma, nyumbani, mama mkwe akiwapo. Na mama akijibu, "Nitamwuliza kwanza baba yake," mwalimu asihesabu ya kuwa amekataa; aulize baba atarudi lini kutoka mnadani, akaenda siku hiyo.