Bibi Ana Presha: Viazi Vitamu vya Pilipili kwa Chumvi Kiduchu

Ndugu msomaji, hebu tuanze na jambo ambalo huenda liko nyumbani kwenu hivi sasa. Mtu mzima mmoja, awe bibi, babu, mama mkubwa au baba mwenyewe, amepimwa akaambiwa ana presha. Kapewa vidonge, na kaambiwa apunguze chumvi. Haya, anarudi nyumbani. Jikoni kuna nani? Mara nyingi uko wewe, uliyetoka shule na njaa yako, na umeambiwa upike. Kwa hiyo somo la leo ni lako wewe, si la mgonjwa.

Bibi yangu alikuwa akiishi Kibiti. Alipoambiwa ana presha, sisi wajukuu tulilipokea agizo lile kwa pupa. Tukaondoa chumvi jikoni, basi. Viazi vitamu tukavichemsha kwa maji matupu, tukamwandalia. Alikula viwili, akaisukuma sahani. "Wajukuu zangu," akasema, "mimi naumwa, sijafungwa." Tukacheka. Wiki mbili baadaye, katika kufagia, tukakuta kifuko cha chumvi ya mawe chini ya mkeka wake. Kumbe alikuwa akijinyunyizia mwenyewe kila mlo, tena nyingi kuliko ile tuliyokuwa tukitia zamani! Alipopimwa tena, presha ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza.

Je, kosa lilikuwa la nani? Mimi nasema lilikuwa letu wapishi. Tulimnyang'anya ladha na hatukumrudishia kitu.

Chumvi inafanya nini mwilini?

Chumvi ya kula ni kloridi ya sodiamu, NaCl, ile ile unayoijua darasani. Sodiamu inahitajika mwilini, lakini kidogo sana. Ikizidi, mwili unabakiza maji ili kuizimua, na figo zinapata kazi ya ziada ya kuitoa. Maji yale yako ndani ya mishipa ya damu. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani: ukifungua bomba zaidi, mpira unakakamaa. Mishipa iliyokakamaa miaka na miaka huchoka, na siku moja mmoja hupasuka au huziba kichwani. Hapo ndipo tunasikia fulani kapata kiharusi, mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki.

Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Watu wengi wenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi hawasikii chochote. Utafiti uliofanyika Tanzania nzima mwaka 2012 ulikuta presha ya juu kwa kama mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa matajiri wa Dar es Salaam.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na ni kwa milo yote pamoja. Sasa piga hesabu ya nyumbani kwenu. Ukitia vijiko viwili vya chai kwenye sufuria ya watu wanne, ni kama gramu 12. Kila mmoja amekula gramu 3 kwa mlo mmoja tu, na bado hajala cha usiku.

Tena kuna chumvi isiyoitwa chumvi. Ng'onda ana chumvi. Kamba wakavu wana chumvi. Vile vidonge vya mchuzi vya dukani, ambavyo siku hizi hata bamia haipikwi bila hivyo, sehemu yake kubwa ni chumvi. Na magadi je? Magadi hayana ukali wa chumvi ulimini, lakini ni chumvichumvi za sodiamu vilevile. Mtu anaweza kujisifu kuwa kisamvu chake hakina chumvi, kumbe katia magadi kijiko kizima ili kilainike.

Ulimi unadanganyika, na unafundishika

Chumvi ina kazi mbili katika chakula. Inaleta ladha yake yenyewe, na inaamsha ladha za vitu vingine huku ikifunika uchungu. Ukiiondoa, chakula kizima kinalala. Dawa yake ni kukiamsha kwa njia nyingine, na Pwani tunazo nyingi kuliko watu wengi: ndimu, ukwaju, embe bichi, tangawizi, kitunguu saumu, binzari, pilipili.

Ya kwanza kwa nguvu ni uchachu. Ndimu inafanana na chumvi katika kazi ya kuamsha, na ndiyo maana mchuzi uliopungua chumvi ukiukamulia ndimu, mlaji hashtuki. Pilipili nayo si ladha hasa. Kile kinachowasha, kepsaisini, kinagusa neva zile zile zinazohisi moto. Ulimi unashughulika na moto huo na kusahau kuuliza chumvi iko wapi. Na ya tatu ni kuunguza kidogo: kitunguu kilichokaangwa taratibu hadi kikawa kahawia, nyanya iliyokaushwa hadi mafuta yakajitenga, binzari iliyokaangwa bila mafuta hadi ikanukia. Harufu ni sehemu kubwa ya ladha. Ukitaka ushahidi, ziba pua ukila embe.

Ulimi wenyewe hubadilika. Mtu akipunguza chumvi, baada ya wiki kadhaa, pengine miezi miwili mitatu, chakula cha zamani kinamwonea kuwa kina chumvi mno. Kwa hiyo usiondoe yote kwa siku moja kama tulivyofanya sisi. Punguza kijiko kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Isipokuwa kama daktari au muuguzi amesema vinginevyo, basi lake ndilo.

Kwa nini kiazi kitamu kinasumbua

Ugali bila chumvi hakuna anayelalamika. Kiazi kitamu kisichotiwa chumvi ni kitamu tu, tena utamu wa kukinaisha, na mlaji wa kitoweo anataka kitu kinachokolea. Hapa biolojia yako ya vimeng'enya inaingia jikoni. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kinachoitwa amilesi. Kiazi kinapopata joto, kuanzia kama nyuzi 60 hadi karibu 80 za Selsiasi, wanga unalainika na amilesi inaugeuza kuwa sukari ya maltozi. Joto likipita hapo, kimeng'enya kinaharibika na kazi inakoma.

Unaona maana yake? Kiazi kizima kilichofukiwa kwenye majivu ya moto kinapita daraja hilo polepole, ndiyo maana kinatoka kama asali. Kiazi kilichokatwa vipande vidogo na kutumbukizwa kwenye maji ambayo tayari yanatokota kinalipita haraka, na utamu unapungua. Kwa hiyo kwa kitoweo cha pilipili usianze na maji baridi. Chemsha maji kwanza. Watu wengi hawalijui hili, wanalaumu mbegu.

Lakini maji hayo usiyamwage! Kiazi kitamu kina potasiamu nyingi, na potasiamu inausaidia mwili kuitoa sodiamu. Kiasi chake kinatoroka na kuingia kwenye maji ya kuchemshia. Tumia maji machache, na hayo hayo yawe mchuzi. (Mgonjwa wa figo ni habari nyingine. Yeye aulize kwanza hospitali, maana potasiamu ikizidi inaweza kumdhuru moyo. Na zile chumvi za dukani zinazouzwa kuwa zina sodiamu kidogo, nyingi zimechanganywa na potasiamu, hivyo naye asizitumie bila kuuliza.)

Sasa tupike

Kwa watu wanne tafuta viazi kama kilo moja. Ukipata viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, bora zaidi, kwani vina beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mganda mmoja, mtafiti Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na kazi yake ilikuwa kuzalisha mbegu za viazi vya namna hii. Ila vingi vina maji mengi na vinarojeka upesi, hivyo vichungulie.

Menya, kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, tumbukiza kwenye maji yanayotokota yanayovifikia nusu tu, funika. Dakika 8 hadi 10 zinatosha. Viwe vimeiva nje na ndani bado vimekaza kidogo. Viepue, maji yaweke pembeni.

Sufuria nyingine ikiwa kavu, kaanga kijiko cha chai cha binzari nyembamba hadi inukie. Usiende kuchota maji hapo, inaungua mara moja. Itoe, itwange. Tia mafuta vijiko viwili vya chakula na vitunguu maji viwili vilivyokatwa vyembamba, moto mdogo, na uwe na subira ya dakika kumi na tano. Najua una njaa. Lakini hapa ndipo chumvi yako inapopatikana bila chumvi, na mtu anayewahi hapa ndiye anayekimbilia kidonge cha mchuzi baadaye. Kitunguu kikiwa kahawia, weka vitunguu saumu punje nne na tangawizi ya ukubwa wa kidole, vyote vimetwangwa, kisha binzari manjano nusu kijiko cha chai, ile binzari nyembamba, na nyanya mbili. Koroga hadi nyanya zikauke na mafuta yaonekane.

Rudisha viazi na yale maji yake. Tia kikombe cha tui jepesi na pilipili mbuzi moja nzima, isipasuke, utakuwa umepata harufu yake bila kuwatoa wazee machozi. Mwenye kupenda ukali aipasue kwenye sahani yake. Tui hapa si la anasa, kwani beta-karotini inahitaji mafuta ili mwili uifyonze. Tui zito acha kwa sikukuu, mafuta yake ni mengi na moyo wa mwenye presha hauyahitaji. Dakika tano, epua.

Sufuria ikiwa chini, kamulia ndimu nzima na utupie majani ya giligilani. Ndimu ikichemka sana harufu yake hupotea. Onja. Kisha, na hapa tu, kama bado unaona inahitajika, nyunyiza juu robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Ni kama gramu moja na nusu kwa sufuria nzima, yaani chini ya nusu gramu kwa kila mtu. Chumvi iliyo juu ya chakula inagusa ulimi mara moja, wakati ile iliyochemkia ndani imejificha kwenye kiazi, unaila na huisikii.

Kuna sababu ya pili ya kuitia mwisho. Chumvi ya kupikia inatakiwa iwe na madini joto, na sehemu ya madini hayo hupotea kwenye moto mrefu. Tangu miaka ya 1990 sheria za Tanzania zinataka chumvi ya kuliwa iwekwe madini joto, kwa sababu upungufu wake huleta rovu na huharibu ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Delta ya Rufiji kuna mashamba ya chumvi, na chumvi inayochotwa pale pale shambani bado haijawekwa. Kile kifuko cha bibi kilikuwa na kasoro zote mbili: chumvi nyingi, madini joto hakuna. Ukipunguza chumvi, hiyo chache unayobakiza iwe ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto.

Kwa walioko visiwani

Wasomaji wa Salale, Mbuchi au Msala watasema: sisi hata maji yenyewe yana chumvi. Kweli, na hili halizungumzwi vya kutosha. Kiangazi mto ukipungua, maji ya bahari yanapanda na visima vinabadilika ladha. Bangladesh, kwenye delta ya mito ya Ganges na Brahmaputra, watafiti waliona kuwa wajawazito waliokunywa maji yenye chumvi zaidi ndio waliopata zaidi presha ya ujauzito. Kwa hiyo kama maji yenu yana chumvi, viazi vyenu usivitie kabisa, na yale maji ya kuchemshia yawe machache mno. Maji ya mvua yaliyokingwa na kufunikwa vizuri yawe kwanza ya kunywa na kupikia, ya kufulia yatoke kisimani. Na ukitaka kamba wakavu kwenye viazi, waloweke, mwaga maji, na hao ndio wawe chumvi yako. Usiongeze nyingine.

Kule Kibiti, kwenye barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara, ukinunua muhogo au kiazi cha kuchoma, muuzaji anapasua katikati na kupaka chumvi iliyochanganywa na pilipili. Mwambie mapema: "Kaka, nitilie pilipili na ndimu tu." Atakutazama. Mwache akutazame.

Bibi hakuacha vidonge vyake, na wewe usimwache wako aviache kwa sababu viazi vimepikwa vizuri. Siku ya kwanza tulipompikia namna hii alikula kimya. Akauliza kama kuna kitoweo kilichobaki. Kilichobaki tulikiweka, asubuhi tukakipasha kwenye kikaango kikavu hadi kikashika rangi, akakinywea chai ya tangawizi, akasema ndimu imezidi.