Leseni Yako Haivuki Mpaka

Maandalizi ya mafunzo ya kuhuisha leseni ya bastola, kwa wakazi na wafanyakazi wa eneo la Grande Barrière, Gisenyi

Kijitabu hiki ni cha nani

Una bastola yenye leseni, muda wa leseni unakaribia kwisha, na umeitwa mafunzoni. Au wewe ni mlinzi wa kampuni binafsi, unasimama na silaha ya mwajiri mbele ya benki au hoteli ya ufukweni mwa Ziwa Kivu, na msimamizi amekuambia kwamba zamu yako ya kupimwa upya imefika. Tumekuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hii ndiyo lugha inayosikika pande zote mbili za kizuizi cha mpaka cha Grande Barrière, na tangu 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda.

Kabla ya mengine yote, shika hili. Leseni ya silaha ni ruhusa ya mtu mmoja, kwa silaha moja, ndani ya nchi moja, kwa muda uliotajwa. Likivunjika mojawapo kati ya hayo manne, ulichonacho mkononi ni silaha haramu, hata kama uliinunua kwa halali na risiti unayo. Wanaojiandaa kwa mafunzo kwa kufikiria kulenga shabaha peke yake wameanzia mahali pasipo na uzito. Shabaha hujifunzwa kwa siku chache. Kujua pale ruhusa yako inapokoma ndiko kunakowashinda watu, hasa wanaoishi hatua chache kutoka kwenye kizuizi cha mpaka.

Kwa nini unaitwa tena

Tarehe 15 Machi 2000 mawaziri wa nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika walitoa Azimio la Nairobi kuhusu silaha ndogondogo. Azimio hilo lilizaa Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na kuanza kutumika tarehe 5 Mei 2006. Rwanda imo, na Kongo imo. Utekelezaji wake unaratibiwa na kituo cha kanda kiitwacho RECSA, chenye makao yake Nairobi.

Soma itifaki hiyo na utaona mafunzo yako yametoka wapi. Inazitaka nchi kumpima uwezo mtu anayetaka kumiliki silaha, kuziandikisha silaha zote za raia katika daftari moja la taifa, kukagua leseni zilizo mikononi mwa watu, na kuweka kikomo cha idadi ya silaha anazoweza kumiliki mtu mmoja. Inamkataza kabisa raia kumiliki bunduki za rashasha na silaha nyingine za kivita. Inakataza kuweka silaha rehani. Inakataza kudanganya au kuficha habari ili upate leseni. Nchini Rwanda, sheria inayosimamia silaha leo ni Sheria Na. 56/2018 ya tarehe 13 Agosti 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 2009.

Majirani nao wanafanya vivyo hivyo, kila mmoja kwa njia yake. Kenya hutoa cheti cha silaha cha mwaka mmoja mmoja, na Desemba 2018 serikali iliwataka raia wote wenye silaha wajitokeze kuchunguzwa upya. Tanzania iliendesha uhakiki wa silaha mwaka 2016. Uganda, baada ya mfululizo wa mauaji ya kupigwa risasi, iliamua mwaka 2018 kwamba kila bunduki ichukuliwe alama inazoziacha kwenye ganda la risasi, ili ganda likiokotwa mahali pa uhalifu lijulikane limetoka wapi. Kwa hiyo usiingie darasani na kinyongo, ukidhani umeshukiwa.

Ipo sababu nyingine, na kwetu hii ina uzito kuliko sheria yenyewe. Mtu aliyepewa leseni miaka iliyopita amebadilika. Macho yamepungua nguvu. Ameanza dawa inayomletea usingizi mchana. Ndoa imeingia dosari, au biashara imeanguka, au pombe imezidi. Imethibitishwa katika nchi nyingi kwamba nyumba yenye bunduki ina hatari kubwa zaidi ya mtu wa humo kujiua, kwa kuwa saa ya giza hupita, lakini risasi hairudi. Hapa Rwanda kuna majeraha ya mauaji ya kimbari ya 1994 ambayo kila Aprili huamka upya. Ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako anapitia kipindi kizito, usisubiri tarehe ya kuhuisha. Wasiliana na polisi, waombe waitunze silaha kwa muda, kisha uende ukazungumze na mhudumu wa afya ya akili. Hospitali za wilaya zina huduma hiyo. Ukifanya hivyo umewalinda watu wako kwa namna ambayo bastola yenyewe haiwezi.

Silaha huishia kwenye kizuizi

Grande Barrière, ambayo wengine huiita La Corniche, ni mojawapo ya vituo viwili vikuu vya kuvukia kati ya Gisenyi na Goma, mji wa upande wa Kongo. Kingine ni Petite Barrière, wanakopita kwa miguu maelfu ya wachuuzi kila siku. Miji hii miwili imeshikana. Familia moja huwa na shangazi upande huu na mpwa upande ule, na mtu huvuka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Mazoea hayo ni baraka, ila yana mtego kwa mwenye silaha. Mwili umezoea kuvuka bila kufikiri, na bastola iko kiunoni au katika droo ya gari.

Leseni ya Rwanda haina nguvu yoyote Goma. Leseni ya Kongo haina nguvu Gisenyi. Haijalishi ni nani anayesimamia upande wa pili siku hiyo, na haijalishi kwamba askari wa zamu mnafahamiana kwa jina.

Kumbuka Januari 2025. Tarehe 27 waasi wa M23 waliingia Goma. Risasi na mabomu yalivuka mpaka na kuua raia wa Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi. Wanajeshi wa Kongo waliokimbilia upande huu walisalimisha silaha zao mpakani. Siku mbili baadaye Waromania karibu 300, waliokuwa wamekodiwa upande wa serikali ya Kongo, walivukia Gisenyi, wakapekuliwa na kupelekwa Kigali kwa mabasi. Hao wote walikuwa watu wa vita, na wote walivuka mikono mitupu. Raia mwenye leseni ya bastola moja hana sababu ya kutegemea upendeleo ambao hao hawakuupata.

Vita hivyo viliacha jambo jingine. Silaha nyingi zilitupwa au kuporwa Goma, na silaha ya namna hiyo hutafuta mnunuzi. Ukiambiwa na rafiki, hata ndugu, kwamba ipo bastola ya bei ndogo, au kwamba akuachie mzigo kwa siku mbili tu, kataa papo hapo na utoe taarifa. Hujui silaha hiyo imemuua nani. Usidhani pia kwamba leseni yako itaifunika. Imetaja namba ya silaha yako, na ya silaha hiyo peke yake.

Kabla ya kuelekea kwenye kizuizi, pekua mwenyewe kwanza. Mfuko wa koti ulilovaa siku ya mazoezi, droo ya gari, mkoba wa kompyuta, chini ya kiti. Risasi moja iliyosahaulika inatosha kukuharibia siku, na pengine maisha, kwa kuwa risasi nayo inahesabika chini ya sheria ya silaha. Na ukigundua ukiwa tayari kwenye foleni kwamba bastola unayo, usiiguse. Usimpe uliyenaye. Usigeuze gari kwa kasi. Weka mikono mahali inapoonekana, mwite askari, umwambie kwa mdomo ilipo silaha na leseni ilipo, kisha ufuate anachokuagiza. Sema kabla hujapekuliwa.

Mkononi

Mkufunzi atakupima kwanza kwa kitu kimoja: jinsi unavyoitoa risasi kwenye bastola. Hapa ndipo ajali nyingi huzaliwa, na aghalabu mwenye kuua huapa kwamba silaha ilikuwa tupu.

Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Kidole kiwe nje ya kifyatulio, kimelala ubavuni mwa bastola. Toa magazini kwanza. Kisha vuta kifuniko cha juu nyuma hadi mwisho, ili risasi iliyobaki ndani itoke, ukishikilie hapo. Angalia kwa macho chumba cha risasi, halafu pitisha kidole ndani yake, kwani gizani macho hudanganya. Utaratibu huu haugeuzwi. Ukivuta kifuniko kabla ya kutoa magazini, risasi moja itatoka na nyingine itaingia mahali pake, nawe utatoa magazini ukiamini umemaliza. Hiyo ndiyo bastola iliyo “tupu” inayoua mtoto sebuleni. Jizoeze nyumbani kwa magazini tupu, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine, mpaka mikono ifanye yenyewe bila kukosea mpangilio.

Ichukulie kila silaha kuwa ina risasi, hata uliyoikagua dakika moja iliyopita ukaiweka mezani. Ukipokea silaha kutoka kwa mwenzako, kagua upya mbele yake. Walinzi wanaopokezana zamu walifanye hili kila siku, na kila mmoja atie saini katika daftari la makabidhiano akiwa ameona namba ya silaha na kuhesabu risasi kwa macho yake.

Jua pia kilicho nyuma ya unachokilenga. Risasi ya bastola inaweza kwenda zaidi ya kilometa moja. Ukisimama karibu na Grande Barrière, kilometa moja kuelekea magharibi ni Goma, yenye watu wengi. Risasi uliyofyatua Rwanda inaweza kuangukia uani kwa mtu katika nchi nyingine. Hapa kwetu ardhi yenyewe ni mawe ya volkano, na risasi ikipiga jiwe au zege hurudi upande usioutarajia. Kupiga risasi hewani kwa furaha ya harusi au mwaka mpya ni kuitupa juu usijue itamshukia nani. Usifanye.

Maswali ambayo hayana shabaha

Utaulizwa ni lini unaweza kutumia silaha kujilinda. Jibu fupi: hatari iwe ipo sasa hivi, iwe si ya haki, na nguvu unayoitumia ilingane nayo. Mwizi anayekimbia na simu yako amekupa kisogo. Hatari imekwisha, na ukimpiga risasi wewe ndiwe utakayesimama mahakamani. Jirani mnayegombania mpaka wa shamba hapaswi hata kuiona bastola yako. Kuinua shati ili mpini uonekane ni kutisha kwa silaha, ingawa hukusema neno.

Utaulizwa unaiweka wapi. Sefu ya chuma iliyofungwa ukutani au sakafuni, risasi zikiwa mahali pengine penye kufuli, na ufunguo usijulikane na watoto. Chini ya mto si mahali. Gari si mahali. Andika namba ya silaha sehemu mbili tofauti na silaha yenyewe, kwa kuwa ikiibwa polisi wataanza na namba hiyo. Ikipotea, piga 112 saa hiyohiyo. Mwenye kuchelewa kwa aibu humpa mwizi usiku mzima wa kuitumia silaha iliyoandikishwa kwa jina lake.

Na usiweke silaha rehani, hata kwa ndugu, hata karo ya mtoto imekubana.

Siku ya mafunzo

Uliza mapema kwa mamlaka iliyokupa leseni kama silaha inahitajika siku hiyo, na ifike vipi. Ikihitajika, isafiri bila risasi, ndani ya kasha lililofungwa, risasi zikiwa zimehesabiwa na kuwekwa kando. Beba leseni halisi na kitambulisho cha taifa. Nakala peke yake haitoshi. Kama unavaa miwani, vaa ileile utakayoitumia kila siku. Usinywe pombe usiku wa kuamkia mafunzo, ulale vya kutosha, na umwambie mkufunzi dawa unazotumia. Kuficha ugonjwa kwenye fomu ni kosa lile lile ambalo itifaki imelitaja.

Mkufunzi akikuambia hujafaulu, muulize ni wapi, uandike, urudi ukajizoeze. Hadi utakapofaulu, silaha ibaki pale mamlaka itakapoelekeza.

Na ikiwa muda wa leseni yako umekwisha tayari huku unasoma haya, usiipakie bastola garini kuipeleka mafunzoni wala kituoni, kwani njiani utakuwa umebeba silaha isiyo na leseni. Iache ilipofungiwa, piga simu kituo cha polisi kilicho karibu nawe, eleza hali ilivyo, uwaache wao waamue kama watakuja kuichukua au watakupa utaratibu wa kuileta.