Twende Morogoro na Mbaraka: Vidokezo 7 vya Kutoka na Mtoto

Jumamosi imefika. Mtoto ameangalia katuni mpaka basi, nawe wiki nzima ya foleni za Dar imekumaliza. Usijali, mzazi mwenzangu! Panda treni ya SGR na huyo mwanao wa miaka mitano au sita, mwachie kiti cha dirishani, na simu yako ijae zilipendwa. Morogoro ni kama saa mbili tu.

1. Chagua mji wenye nyimbo zake

Kwa nini Morogoro? Kwa sababu huko ndiko kwa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na ndiko kwa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Historia ndefu ya nini? Mwambie hivi tu: "Tunakwenda mji wa babu mmoja aliyepiga gitaa mpaka Japani." Wala si chumvi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilitumbuiza Osaka, kwenye maonyesho ya Expo 70. Kaa tayari kwa maswali.

2. Pakua usiku, sikiliza kwanza

Mtandao wa njiani si wa kuutegemea. Nyimbo tano zinatosha. Ila zisikilize wewe kabla ya safari, maana wazee wetu waliimba sana pombe, ugoni na talaka. "Mama, ugoni ni nini?" ndani ya behewa lililojaa? Utatamani kushuka Ngerengere.

3. Msubirini chemko

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa. Nyimbo za dansi ni ndefu, na mwanzoni huenda taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake bila haraka. Mtoto ataanza kupiga miayo. Basi mpe kazi: "Kuna mahali wimbo unachemka. Ukisikia, niguse bega." Hatasinzia tena! Kisa kinaisha, magitaa yanabadili mwendo, tarumbeta zinaingia, tumba zinakolea, na kidole kidogo kinakudunga begani kabla wewe mwenyewe hujashtuka.

Chemko likishafika, gawaneni vyombo. Yeye ashike besi kwa kupiga goti, wewe gitaa la solo kwa kukuna tumbo. Wimbo unaofuata mnabadilishana. Mwambie afuate chombo kimoja tu hadi mwisho, asirukeruke. Ndivyo sikio linavyojua kutofautisha gitaa la solo na la ridhimu, jambo ambalo watu wazima wengi hawaliwezi. Na msisimame kwenye korido. Mabega yanatosha kucheza.

4. Sikio moja lako, moja lake

Beba vile visikizio vya kizamani vya waya. Ufupi wa waya utawalazimisha mkae vichwa vikigusana, na abiria wa jirani ataendelea na usingizi wake. Sauti iwe ya chini. Masikio hayo bado machanga.

5. Mpigie babu

"Shikamoo babu! Huu wimbo ulikuwa unaucheza?" Kisha mpe mtoto simu na unyamaze. Mfundishe swali moja la nyongeza: babu alikuwa anavaa nini akienda dansini. Akisikia habari za suruali ya pekosi iliyopanuka chini na viatu vya raizoni vya soli nene, mtacheka mpaka mkaguzi wa tiketi aje kuangalia kuna nini. Bibi naye asisahaulike, huenda ndiye aliyekuwa mchezaji hasa.

6. Anzisheni mtindo wenu

Zamani bendi bila mtindo haikuwa bendi. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, NUTA Jazz wakawa na Msondo, na majina hayo yakazoeleka kuliko ya bendi zenyewe. Mwachie mtoto abuni mtindo wa nyumbani kwenu, jina na mikogo yake. Akiuita "Chapati Moto," ndio huohuo, usimsahihishe! Jioni anaufundisha kwa waliobaki nyumbani.

7. Mkifika, fanyeni machache

Itazameni milima ya Uluguru, mpite soko la Chifu Kingalu mnunue matunda, mle, basi. Ukimburuta mtoto mji mzima kwa siku moja, utarudi na kilio mgongoni. Wakati wa kurudi, yeye ndiye achague wimbo. Atachagua uleule, mara nne mfululizo. Vumilia, hiyo ndiyo dalili kwamba umempata.

Jambo la mwisho, na hili usilipuuze: wikiendi abiria ni wengi, kwa hiyo kata tiketi ya kwenda na ya kurudi mapema, na uulize nauli ya watoto kabla hujalipa.