Tuliza Kebo Kabla ya Kuchomeka

Ukitandaza kebo ya mtandao ukitarajia gigabiti 10 kwa sekunde, ukaambulia 5 au 1, usikimbilie kununua swichi nyingine. Kagua kebo kwanza, na ukumbuke uliichomeka lini.

Kila alama ya umeme inayopita kwenye shaba huacha mkia unaoivuruga alama inayoifuata. Kwa gigabiti 10, kila jozi kati ya jozi 4 za nyaya hupitisha alama milioni 800 kwa sekunde, kwa hiyo mikia hurundikana. Dawa yake ilitolewa na Tomlinson wa Uingereza mwaka 1971, na mwaka uliofuata Harashima na Miyakawa wa Japani: mtumaji auhesabu mkia na kuukata kabla hajatuma. Hesabu hiyo ikiukuza umeme kupita kiasi, huzungushwa kama mshale wa saa, ukipita kumi na mbili unarudi moja, na mpokeaji huzungusha vivyo hivyo. Naipenda sana mbinu hii.

Lakini mtumaji ataujuaje mkia wa kebo yako? Vifaa viwili hupimana vinapounganishwa tu. Mpokeaji humpelekea mtumaji vipimo, navyo hubaki vilevile hadi muunganisho ukatike. Hapa ndipo mafundi tunapoharibu: tunachomeka, taa inawaka, kisha tunaanza kuikunja kebo na kuibana ukutani. Iliyopimwa siyo tena iliyopo. Maliza kuvuta, kukunja na kubana, ndipo uchomeke. Ukiigusa baadaye, chomoa uchomeke upya. Kwenye Linux amri ya ethtool -r ikifuatwa na jina la kadi ya mtandao inatosha. Wala usizime makubaliano ya kasi kati ya vifaa ili kulazimisha 10, maana kuanzia gigabiti 1 ni ya lazima. Punguza tu kasi zinazotangazwa.

Kelele za kebo jirani hazifutwi na hesabu hii. Usizifunge kebo kwa kukaza kama mzigo wa kuni. Kwenye plagi, usifumue msokoto wa jozi zaidi ya milimita 13. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba iache dukani. Kwa gigabiti 10, kebo ya daraja la Cat6A hufika mita 100. Cat6 ihesabie mita 55.

Kama ukutani kuna Cat5e ya zamani, kiwango cha mwaka 2016 kinakupa gigabiti 2.5 hadi mita 100. Chukua hiyo, kuliko 10 inayokatika kila jioni.