Mbawakawa Waliocheza Sinema

Unapotazama sinema unaona watu wanatembea na magari yanakimbia. Kumbe hakuna picha hata moja inayotembea! Sinema ya zamani ni mkanda mrefu wenye picha nyingi ndogo, zote zimesimama kimya. Kila picha inatofautiana kidogo na ile iliyotangulia. Mtambo ukizionyesha upesi upesi, macho yetu hayawahi kuzitenganisha. Tunaona kitu kimoja kinachokwenda.

Zamani sinema hazikuwa na sauti. Wakati huo zilitumika picha kama 16 kwa kila sekunde. Haya, tufanye hesabu. Dakika moja ina sekunde 60.

16 × 60 = 960

Basi dakika moja tu ilihitaji picha 960.

Taabu ya taa

Ladislas Starewicz alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Moscow, Urusi. Wazazi wake walikuwa Wapolandi. Alipenda sana kuchunguza wadudu. Alifanya kazi katika jumba la makumbusho mjini Kaunas, mji ambao sasa umo nchini Lithuania.

Mwaka 1910 alitaka kupiga sinema ya mbawakawa madume wakipigana. Mbawakawa hao wana taya ndefu kama pembe, nao hupigana usiku. Alipowasha taa kali ili apate picha, wadudu wakatulia tu. Hawakupigana.

Je, aliacha kazi? Hapana. Alichukua mbawakawa waliokufa. Akawatoa miguu, akawatia miguu ya waya, akaishika kwa nta. Sasa aliweza kuukunja mguu, nao ukabaki vilevile. Kisha alifanya hivi:

1. Aliwapanga mbawakawa mbele ya kamera.
2. Alipiga picha moja.
3. Alisogeza mguu au taya kidogo sana.
4. Alipiga picha nyingine.

Akarudia hivyo mara nyingi sana. Mkanda ulipoonyeshwa, mbawakawa wakapigana!

Si yeye aliyekuwa wa kwanza kutumia njia hii. Mfaransa Émile Cohl alikwisha kuchezesha njiti za kiberiti mwaka 1908. Lakini Starewicz aliwapa wadudu tabia za watu.

Panzi alipiza kisasi

Mwaka 1912 alitoa sinema ya Bwana na Bibi Mbawakawa. Bwana anakwenda mjini kwa siri kumwona kereng'ende mcheza ngoma. Panzi, ambaye ni mpiga sinema, anaona wivu. Anawapiga picha kupitia tundu la ufunguo. Siku moja Bwana anampeleka mkewe kutazama sinema. Wanaona nini? Mambo yake mwenyewe! Mke anampiga kwa mwavuli.

Baadhi ya watazamaji waliamini kwamba wadudu hao walikuwa hai, na kwamba walikuwa wamefundishwa kucheza. Waliona kwa macho yao. Hata hivyo, walichoona hakikutokea kamwe.

Baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, Starewicz alihamia Ufaransa. Huko aliendelea na kazi, akisaidiwa na binti yake Irène. Alifariki mwaka 1965. Njia yake inatumika mpaka leo.

Tunajifunza nini? Picha hutengenezwa na mtu. Ukiona picha, hata ya kwenye simu, usiseme tu, "Nimeona." Uliza: Nani ameitengeneza? Ameitengenezaje? Anataka niamini nini?

Jaribu mwenyewe

Chukua daftari. Kwenye pembe ya ukurasa wa kwanza, chora mtu aliyeshusha mkono. Ukurasa unaofuata, mchore tena, mkono umepanda kidogo. Endelea hivyo kurasa 20. Kisha ziachie kurasa upesi kwa kidole gumba. Mtu wako atapunga mkono.

Maswali

1. Kwa nini mbawakawa hawakupigana mbele ya taa?
2. Sinema ya dakika 5 ilihitaji picha ngapi?
3. Je, umewahi kuamini picha, kisha ukagundua si kweli? Jadilianeni katika kikundi.